Bustani kavu ya Kijapani kwa jamii ya Nikkei: mwongozo kamili, kuanzia kikao cha wazee hadi zamu za reki

Malalamiko yanayotufikia ni yaleyale. Mawe yanaonekana kama yameshushwa na lori na kusahaulika. Changarawe imegeuka tope baada ya msimu mmoja wa mvua. Na wazee ambao bustani ilijengwa kwa ajili yao hawaji kukaa humo. Mara nyingi kosa huanzia kwenye manunuzi: taa ya mawe, daraja jekundu na magunia ya kokoto nyeupe vinafika uwanjani kabla mtu hajaketi na mzee hata mmoja.

Mwongozo huu unahusu bustani kavu (karesansui, bustani isiyo na maji, ya mawe na changarawe inayochorwa mistari kwa reki) ya mita 6 kwa 9, kwenye uwanja wa kituo cha jamii, hekalu au kanisa la Nikkei, yaani watu wenye asili ya Kijapani waishio nje ya Japani. Tumelenga pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, ambako jamii hizo zina mizizi mirefu. Anayesimamia kazi si lazima awe Mjapani, ila ni lazima awe msikivu.

Kwa nini bustani kavu na si bwawa? Bwawa linataka pampu, mara nyingi vibali, na mtu wa kulisafisha kila wiki. Bustani kavu inataka reki na watu, na kazi hiyo ya mikono ndiyo itakayowarudisha watu pale kila mwezi.

## Vifaa

Kiasi hiki ni cha mita za mraba 54, ambapo takriban 40 ni za changarawe na zilizobaki ni za mimea na mahali pa kukaa.

- Mawe makubwa 7 ya aina moja ya mwamba, kutoka machimbo mamoja. Kubwa kuliko yote liwe na urefu wa sm 110 hadi 120, mengine kati ya sm 40 na 80.
- Kokoto za msingi zikiwa na vumbi lake (mm 0–20), mita za ujazo 5.
- Changarawe ya juu: graniti ya kijivu iliyosagwa, yenye pembe, mm 3–9. Mita za ujazo 2.5, karibu tani 4.
- Jiotekstaili isiyofumwa (kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto), mita za mraba 50.
- Mawe ya kingo, mita 30.
- Bomba lenye matundu la mm 100, iwapo udongo hauchuji maji (tazama hatua ya 3).
- Miguu mitatu ya chuma ya kunyanyulia, winchi ya mnyororo ya tani 2, na mikanda miwili ya kunyanyulia ambayo lebo zake za uzito bado zinasomeka.
- Mitaimbo 3, sururu, masepeto, toroli, mashine ya kushindilia ya bamba, pima maji ndefu, uzi, vigingi, chaki.
- Mbao mbili za reki (maelezo yako hatua ya 6).
- Kofia ngumu, glavu za ngozi, na buti zenye chuma puani kwa kila atakayekaribia jiwe.

Kabla ya kugusa ardhi Marekani, piga simu 811 siku kadhaa mapema ili nyaya na mabomba yaliyofukiwa yawekewe alama. Huduma hiyo ni bure. Kanada, uliza utaratibu wa jimbo lako.

## Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla ya kuchora

Panga vikao viwili au vitatu vya watu wachache, wasizidi kumi kwa kikao. Anza na mkubwa wao kwa umri, mwite kwa jina la ukoo ukiongeza -san ya heshima, na usimkate kauli hata akitoka nje ya mada. Waombe walete picha za zamani.

Swali la kwanza: familia ilitoka mkoa gani? Wahamiaji wengi wa mwanzo walitoka Hiroshima, Yamaguchi, Kumamoto, Fukuoka, Wakayama na Okinawa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mawe na mistari ya reki ni sura ya mahekalu ya Zen, tawi la Ubuddha, hasa ya mji wa Kyoto. Mjukuu wa mvuvi wa Wakayama anaweza kuipenda lakini asione chochote cha kwao humo. Mwenye asili ya Okinawa pengine atagutuka akiona ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, wa jamaa moja na kuta za Lamu na Unguja, kuliko akiona changarawe. Kikundi chako kikiwa hivyo, acha upande mmoja wa bustani ubebe kumbukumbu hiyo, au badilisha mpango mzima.

Swali la pili linahitaji upole. Kufuatia amri ya rais wa Marekani ya Februari 19, 1942, wakati wa vita na Japani, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa makwao na kufungiwa kambini. Huko nako walijenga bustani. Manzanar, California, wafungwa walichimba mabwawa na kupanga mawe kando ya kumbi za chakula, ili waliosimama foleni wapate cha kutazama. Fujitaro Kubota, aliyeanzisha bustani yake Seattle mwaka 1927, alipelekwa Minidoka, Idaho, na akatengeneza bustani kambini humo. Wapo wanaoikumbuka bustani ya kambi kwa fahari, na wapo wasiotaka hata kusikia jina la kambi. Uliza, kisha kubali kimya kama jibu.

Mtu akipendekeza mlete jiwe moja kutoka kambini, katazeni hapohapo. Manzanar ni eneo la kihistoria la taifa, na kuchukua hata kokoto ni kosa la jinai.

Maliza hatua hii ukiwa na karatasi moja yenye mambo matatu: kitu ambacho wengi wanakikumbuka, kitu ambacho hakitakiwi kabisa, na majina ya watu wasiopungua sita watakaoshika reki. Majina yasipofika sita, punguza eneo. Usiendelee na ukubwa uleule kwa matumaini kwamba watu watajitokeza baadaye.

## Hatua ya 2: Chagua pa kukaa, kisha panga mawe ya kuigiza

Bustani kavu hutazamwa kutoka mahali pamoja, na mtu haikanyagi. Kwa hiyo kiti hutangulia bustani. Tafuta baraza, dirisha kubwa au ukuta wenye kivuli, ukae hapo asubuhi na alasiri. Jua la jioni likikupiga machoni, geuza mpango: changarawe huakisi mwanga, na mzee mwenye mtoto wa jicho hatastahimili dakika tano. Ndiyo maana tumesema graniti ya kijivu na tukaziacha kokoto nyeupe za marumaru, ambazo ndizo chanzo cha nusu ya bustani zinazofanana na makaburi.

Angalia pia kilicho nyuma. Mlima au mti mkubwa wa jirani unaweza kuingizwa kwenye picha bila gharama. Maegesho ya magari yafiche kwa uzio wa mbao au mianzi wa mita 1.8, usio na rangi.

Sasa jaza magunia majani makavu yapate ukubwa wa mawe yako, uyapange. Kwa mawe saba, mgawanyo unaokubali ni matatu, mawili, mawili. Kundi la matatu libebe jiwe kuu, nalo lisikae katikati. Liweke theluthi moja kutoka upande mmoja. Mawe matatu yasiwe kwenye mstari mmoja wala yasilingane urefu. Karibu theluthi mbili za eneo zibaki tupu. Watu wataona pamepwaya na watataka kuongeza, wazuie. Katika bustani ya Ryoan-ji, Kyoto, mawe 15 yamekaa kwenye eneo la karibu mita 25 kwa 10, na bado kutoka barazani huwezi kuyaona yote kwa mara moja.

Yaache magunia wiki nzima. Wazee wapite, wakae, waseme. Kusogeza gunia ni kazi ya dakika moja. Jiwe la kilo 800 ni habari nyingine.

## Hatua ya 3: Chimba na upime maji

Chimba eneo la changarawe kwa kina cha sm 18: sm 10 za msingi, sm 6 za changarawe, na sm 2 za kubaki chini ya ukingo ili changarawe isimwagike. Sakafu ya shimo iwe na mteremko wa sm 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na jengo.

Pima uchujaji. Chimba kishimo cha sm 30 kwa 30, ukijaze maji, yakauke, kisha ukijaze tena na uangalie saa. Maji yakishuka chini ya sm 2.5 kwa saa, laza bomba lenye matundu upande wa chini, ndani ya mfereji wa kokoto safi, likiwa na mteremko wa sm 1 kwa mita. Ukiruka kipimo hiki kwenye mfinyanzi wa Seattle au Vancouver, ifikapo Januari changarawe itakuwa inaelea.

## Hatua ya 4: Simika mawe

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo usiharakishe. Tenga siku mbili.

Soma jiwe kwanza. Kila jiwe lina uso, kichwa na mgongo. Lizunguke, limwagie maji, uone mistari ya mwamba inaelekea wapi. Jiwe lililokuwa limelala porini lilaze. Ukilisimamisha, ukoga na madoa ya mvua vitakusuta. Mistari ya mawe yote ielekee upande mmoja, la sivyo yataonekana kama yametoka nchi mbalimbali.

Chora mstari wa maziko. Zungushia jiwe chaki pale lilipo nene zaidi. Mstari huo utakuwa chini ya uso wa changarawe. Jiwe likizikwa hivyo, jicho huamini kwamba linaendelea kwenda chini hadi mwambani. Likiachwa juu ya mstari huo, linaonekana limewekwa tu. Kwa jiwe kuu la sm 120, zika kama sm 40.

Pima kina kutoka uso wa mwisho. Funga uzi kwenye kimo ambacho changarawe itafikia. Sakafu uliyochimba iko sm 16 chini ya uzi huo. Ili kuzika sm 40, shimo liingie sm 24 zaidi, uongeze sm 10 za kitanda cha kokoto zilizoshindiliwa: jumla sm 34 chini ya sakafu. Mafundi wengi hupima sm 40 kutoka sakafuni wakasahau changarawe itakayokuja juu, na jiwe linaishia limemezwa. Shimo liwe pana kuliko jiwe kwa sm 20 kila upande.

Kadiria uzito. Zidisha urefu, upana na unene kwa mita, zidisha kwa 0.6 kwa sababu jiwe si boksi, kisha kwa 2.7 ya graniti. Jiwe la 1.2 × 0.7 × 0.6 linatoa karibu tani 0.8. Kama hujawahi kunyanyua kitu cha uzito huo, kodi lori lenye kreni na mwendeshaji wake.

Nyanyua. Miguu mitatu isimame juu ya mbao nene, ikifungwa kwa mnyororo chini isiteleze. Ndoano iwe juu kabisa ya shimo. Funga mikanda miwili, nyanyua sm 10, simama, tazama kama jiwe linateleza, ndipo uendelee. Mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Hakuna mkono wala mguu unaoingia chini ya jiwe linaloning'inia. Likitaka kugeuzwa, liguse kwa mtaimbo.

Anza na jiwe kuu. Kanuni ya kale ya watengeneza bustani wa Kijapani ni kwamba jiwe la kwanza ndilo huamua, mengine hufuata linavyotaka. Likishakaa, rudi barazani ulitazame ukiwa umeketi. Likionekana linakurukia, liinamishe nyuma kidogo. Msaidizi wake wa kwanza akae karibu kiasi cha kuonekana wanazungumza, mfupi kwa karibu nusu.

Shindilia. Kabari za mawe madogo kwanza, kisha udongo kwa matabaka ya sm 10, kila tabaka likitwangwa kwa kichwa cha mtaimbo. Mwishoni watu wawili walisukume kwa mabega. Likitikisika hata kidogo, fukua uanze upya. Jiwe linalosimama zaidi ya sm 90 juu ya ardhi lifungwe shingo ya zege iliyofichwa chini, kwa sababu pwani hii ina matetemeko na watoto hupanda kila kitu.

Umefaulu ikiwa mgeni ataulizia bustani ilijengwaje kuyazunguka mawe.

## Hatua ya 5: Kingo na msingi

Simika kingo, kisha tandaza jiotekstaili juu ya udongo, chini ya msingi. Wengi huiweka moja kwa moja chini ya changarawe wakidhani itazuia magugu. Haizuii: mbegu za magugu huletwa na upepo na kuota juu yake, halafu meno ya reki yananasa kitambaa na kukivuta juu. Kazi yake ni kuzuia udongo usipande kuchanganyika na kokoto.

Mwaga msingi kwa matabaka mawili ya sm 5, lowanisha kidogo, shindilia. Sm 30 kuzunguka kila jiwe tumia kishindilio cha mkono. Mashine ikigonga jiwe, alama nyeupe haitoki. Ukitembea juu ya msingi na kisigino kisiache alama, umetosha.

## Hatua ya 6: Changarawe na reki

Kabla ya kununua tani nne, leta ndoo moja. Imwage, pitisha kidole uchore mfereji wa sm 4, mwagia maji kwa keni yenye pua ya matundu. Kuta za mfereji zikisimama, ni changarawe yako. Kokoto za mtoni, zile laini za mviringo, hufeli hapo hapo kwa sababu zinabingirika. Na chini ya mm 3 ni kama mchanga: upepo unaubeba, na paka wa mtaa mzima watakushukuru.

Ioshe kwenye toroli lenye matundu hadi maji yatoke safi. Vumbi la graniti likibaki, mvua ya kwanza italigandisha kama saruji dhaifu na reki haitaingia. Tandaza sm 6, usishindilie.

Reki ya dukani ina meno membamba mno. Tengeneza mbili: ubao wa sm 50, meno ya pembetatu yenye kimo cha sm 6, kila jino sm 7 kutoka jenzake, mpini wa mita 1.8. Ya pili iwe ya sm 25, nyepesi, kwa watoto na wazee.

Anza na duara mbili au tatu kuzunguka kila kundi la mawe. Kisha mistari iliyonyooka, ukirudi kinyumenyume, ya kwanza ikiongozwa na ubao mrefu uliolazwa. Panga mapema utatokea wapi, usije ukajifungia katikati. Mistari ikipinda, isawazishe kwa mgongo wa reki na urudie, hakuna kilichoharibika.

## Hatua ya 7: Njia, kiti na mimea

Mawe ya kukanyagia ni mazuri na ni adui wa fimbo ya kutembelea. Njia ya kufika kwenye kiti iwe ngumu, ya upana wa mita 1.2, mteremko usiozidi sm 5 kwa mita, na mwishoni iwe na nafasi ya mita 1.5 ya kugeuzia kiti cha magurudumu. Benchi liwe na kimo cha sm 45 na pa kushikia mikono. Tumeona bustani nzuri zisizo na benchi lenye mikono, na wazee hukaa ndani ya gari.

Mimea iwe michache: azalea (vichaka vya maua) mbili au tatu za kukatwa mviringo nyuma ya mawe, kamelia moja, momiji (mti wa mepo wa Kijapani) moja penye kivuli cha mchana. Msonobari mweusi panda tu ikiwa yupo mtu anayejua kuupogoa, kwa sababu unahitaji machipukizi yavunjwe majira ya kuchipua na sindano za zamani zing'olewe majira ya kupukutika. Uliza kwenye kikao. Wajapani wengi wa California waliishi kwa kazi ya bustani, na huenda mkasi wa baba bado uko kwenye stoo ya mtu. Mwenye mkasi huo ndiye mwalimu wako.

Koke, ile mimea mifupi ya kijani inayotandaa juu ya mawe, hustawi Oregon, Washington na British Columbia. Kusini mwa California usijisumbue. Panda ofiopogoni ndogo, mmea mfupi unaofanana na nyasi, ambayo hata Japani hutumika. Mianzi inayotambaa ifungwe kwa kizuizi cha plastiki ngumu cha kina cha sm 70, sm 5 zikichomoza juu ili uone inapotoroka.

Taa ya mawe? Moja, kwenye kona ya njia, ikiwa wazee wameitaja. Iwe na msingi wa zege, na vipande vyake vishikizwe kwa nondo ya chuma kisichoshika kutu. Sanamu ya Buddha kwenye uwanja wa kanisa la Nikkei ni kosa ambalo hatua ya 1 ingekuepusha nalo.

## Hatua ya 8: Zamu za reki na marekebisho

Bandika ratiba: watu wawili kila Jumamosi, mmoja mkubwa na mmoja kijana. Kwanza majani yaokotwe kwa mkono au fagio laini, magugu yang'olewe yakiwa na majani mawili, ndipo reki. Kipulizio cha majani hutupa changarawe kwenye vitanda vya mimea, kwa hiyo kikae kando.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, fukua changarawe pembeni mwa kila jiwe uone kama msingi umezama. Jiwe likianza kuegemea, usilinyooshe kwa kabari za juu. Fukua upande lililoegemea hadi kitandani, ongeza kokoto, shindilia, kisha pima tena kutoka kwenye benchi.

Changarawe ikipata rangi ya kijani, maji yanatuama: chunguza bomba kabla ya kufikiria dawa. Kila miaka miwili au mitatu ongeza kama sm 1 ya changarawe kutoka machimbo yaleyale. Nunua nusu tani ya ziada siku ya kwanza na uihifadhi chini ya turubai, maana tabaka la mwamba machimboni hubadilika na rangi hairudi.